PUMZI YA MTUMISHI NA MOSHI WA SIGARA



Liko neno ambalo wenzetu wavutao sigara hapa Igalula wamelifanya ngao, nalo ni hili: "Mimi ni mtu wa mazoezi, kwa hiyo moshi haunidhuru, nautoa wote kwa jasho." Neno hili husemwa na makarani, husemwa na waalimu, na mara nyingine husemwa hata na watu wa zahanati ambao asubuhi nzima wamekuwa wakiwausia wagonjwa waache kuvuta. Sisi tuliopewa kazi ya kutengeneza gazeti hili dogo twalikataa neno hilo. Hatulikatai kwa njia ya dini wala ya adabu, maana mambo hayo yana wenyewe wa kuyasema, nao huyasema vizuri kuliko sisi. Twalikataa kwa hesabu ya pumzi tu.

Mwezi wa Desemba, mwaka 2016, Bi. Samia Suluhu Hassan, ambaye wakati ule alikuwa Makamu wa Rais, alitangaza ya kuwa Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Watumishi tuliitika, wengine kwa moyo, na wengine kwa sababu jina la mtu asiyekuwapo huonekana upesi. Jambo lenyewe lilikuwa jema na lilihitajiwa. Kazi zetu nyingi ni za kukaa. Karani hatoki kitini tangu asubuhi mpaka alasiri, na bwana shamba, ambaye zamani alikwenda kwa miguu au kwa baiskeli, siku hizi ana pikipiki. Shinikizo la damu na kisukari si maradhi ya watu wa mijini peke yao tena. Basi mtu akikimbia, akicheza mpira, au akivuta kamba, anajifanyia hisani kubwa mwenyewe na jamaa zake wanaomtegemea.

Walakini tazameni kiwanja wakati wa mapumziko. Filimbi ikilia, wachezaji huenda kivulini chini ya mwembe; mmoja hunywa maji, wa pili hufunga viatu vyake, na wa tatu hutoa pakiti mfukoni akaigawa kwa wenzake kama mtu anayegawa sadaka. Baada ya robo saa wanarudi kucheza. Hakuna anayeona ajabu. Sisi ndio tunaoona ajabu, na sababu zetu ni hizi.

Moshi wa sigara una hewa iitwayo kaboni monoksidi, nayo ni ile ile inayowaua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Damu yetu ina chembe nyekundu ambazo kazi yao ni kupokea oksijeni mapafuni na kuichukua hata misulini, kama vile wapagazi walivyochukua mizigo. Sasa hewa hii ya kaboni monoksidi hupenda kushikamana na chembe hizo kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ikiisha kumkamata mpagazi haimwachi upesi. Katika damu ya mtu avutaye kila siku, nafasi 3 hadi 8 katika kila 100 za kubebea oksijeni huwa zimekwisha kutwaliwa, na kwa mvutaji mkubwa huweza kufika 10 na kupita. Tena madhara hayaishii hapo, kwani hata wale wapagazi waliobaki huwa wagumu kuutua mzigo wao: oksijeni imefika misulini, lakini haitolewi kwa wepesi wa desturi. Mtu akiwa amekaa, hewa hiyo huchukua saa 4 au 5 kupunguka nusu yake. Kwa hiyo mchezaji avutaye saa tisa alasiri, ili acheze saa kumi, anaingia kiwanjani na sehemu ya damu yake imefungwa kamba.

Wazee wa michezo watakumbuka mashindano ya Olimpiki ya mwaka 1968 katika mji wa Mexico, ambako John Stephen Akhwari wa kwetu aliumia katika mbio ndefu akazimaliza hivyo hivyo kwa kuchechemea. Mji ule uko mita 2,240 juu ya bahari, na wakimbiaji wa mbio ndefu waliotoka nchi za chini waliteseka sana kwa uchache wa oksijeni. Tabora yetu iko kama mita 1,200 tu, na mtu aliyezaliwa hapa hana taabu nayo. Bali mvutaji amejitengenezea mlima wake mwenyewe, naye huubeba popote aendapo, hata akienda kucheza Tanga.

Pamoja na hayo iko nikotini. Sigara moja huongeza mapigo ya moyo kwa 10 hadi 20 kwa dakika, na mishipa ya damu hujibana. Moyo unafanya kazi ya kukimbia na mwenyewe bado amekaa kwenye benchi. Kisha mirija ya hewa nayo huwa myembamba muda mfupi baada ya kuvuta, na ute huongezeka ndani yake. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Mtu aliyekaa ofisini huhitaji kama lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika moja, na mirija iliyosongwa kidogo hupitisha kiasi hicho bila shida yo yote. Mtu huyo huyo akikimbia kwa nguvu zake zote huhitaji lita 100 na kuzidi. Ofisi haitamwambia kamwe kwamba amepungukiwa. Ataambiwa na beki wa kijiji cha jirani, katika dakika ya sabini.

Wapo watakaosema kwamba mazoezi yenyewe hulipa deni hilo. Jambo hili limepimwa. Mwaka 1968 daktari Kenneth Cooper na wenzake waliwajaribu vijana wa jeshi la anga la Marekani kwa mbio za dakika 12, wakatazama kila mmoja amefika umbali gani. Waliovuta sigara walikwenda umbali mdogo kuliko wasiovuta, na kadiri walivyovuta zaidi ndivyo umbali ulivyopungua. Ndipo wote wakafanyishwa mazoezi ya majuma sita. Wavutaji wakaendelea kuwa nyuma. Angalieni sana kwamba watu hawa walikuwa vijana wenye afya, waliochaguliwa kuwa askari, tena wengi wao hawakuwa wamevuta kwa miaka mingi. Hatusemi kwamba mvutaji asifanye mazoezi. Afanye, na atapata faida kuliko mvutaji anayeketi. Twasema kwamba anapanda shamba huku mbuzi wake mwenyewe yumo ndani yake.

Hoja ya pili tunayosikia ina heshima zaidi, kwa hiyo tutaijibu kwa kirefu. Ni hoja ya wapagazi. Husemwa: "Babu zetu Wanyamwezi walivuta kiko, nao ndio waliochukua pembe za ndovu kutoka Tabora hata Bagamoyo." Ni kweli. Nchi hii ndiyo iliyokuwa njia ya misafara. Huko Kazeh, ndiyo Tabora, walifika Burton na Speke mwezi wa Novemba, mwaka 1857, nao walikuta watu wa Unyamwezi wakijulikana tangu zamani kwa kazi hiyo. Mzigo wa mpagazi ulikuwa karibu na frasila mbili, yaani kama kilo 30 na zaidi kidogo, mbali na mkeka wake, chakula chake na silaha yake. Njia ilikuwa zaidi ya kilometa 800, na mwendo wake miezi miwili au mitatu. Hakuna timu ya idara yo yote leo iwezayo kufanya hivyo hata kwa posho ya safari. Lakini kwanza tukumbuke kwamba habari tulizo nazo ni za waliofika. Waliobaki njiani, katika mbuga ya Mgunda Mkali na kwingineko, hawakurudi kutusimulia kilichowashinda, kama ni ndui, au njaa, au kifua.

Pili, kiko kile si sigara hii. Jambo hili lapasa kujulikana zaidi hapa Igalula kuliko mahali pengine, kwa kuwa ni habari ya jani letu wenyewe. Tumbaku ya kienyeji iliyoanikwa ina moshi mkali. Humkwaruza mtu koo, na nikotini yake hupenya kwa ngozi ya kinywa. Mzee aliyevuta kiko jioni kambini aliuzungusha moshi mdomoni akautoa, naye akatosheka. Hakuwa na haja ya kuushusha wote kifuani. Tumbaku ya mvuke ni kitu kingine. Hukaushwa ndani ya bani kwa joto la mabomba, moto ukichochewa usiku na mchana kwa muda wa siku tano, sita au saba. Jani hubaki na sukari nyingi, rangi yake ikawa ya dhahabu, na moshi wake ukawa laini wenye asidi kidogo. Moshi wa namna hiyo haupitishi nikotini vema kinywani. Mvutaji akitaka kutosheka hana budi kuuvuta mpaka ndani kabisa ya mapafu, na kwa ulaini wake koo halimkatazi. Hivyo jani lililofanywa pole ndilo lililoufikisha moshi mahali pabaya. Tumbaku hii iliingia Urambo katika miaka ya 1950, baada ya mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza kuanguka, ikaenea katika Unyamwezi, na miti ya miyombo imekwisha kuilipia gharama yake. Mpagazi wa mwaka 1857 hakuijua, wala hakujua pakiti ya sigara 20 kwa siku.

Tena hata wakati ule kikohozi kilisikika. Burton mwenyewe aliandika jinsi watu walivyovuta bangi kwa kiko cha maji na kushikwa na kikohozi kama cha kifaduro. Basi asitajwe babu katika shauri hili kana kwamba alishuhudia upande mmoja.

Sasa tumefika penye ugumu, wala hatutaki kuupita kwa kuufumbia macho. Tumbaku ndiyo fedha ya wilaya hii. Wengi wetu tulivaa sare ya shule na kulipiwa ada kwa jasho la mzazi aliyelala kando ya bani akichochea moto. Ushuru wa zao hili huingia katika mfuko wa halmashauri, nao mfuko huo hujenga vyumba vya shule na hutengeneza barabara. Mtu akituuliza, "Ninyi watumishi mnaokula tumbaku, mwawezaje kuisema tumbaku?" ameuliza swali la haki, naye anastahili jawabu.

Jawabu letu ni kwamba mkulima hanufaiki na mapafu ya karani. Tumbaku inayouzwa katika masoko yetu ya ushirika huenda kuchakatwa, nyingi yake huko Morogoro, na sehemu kubwa ya tumbaku ya nchi hii husafirishwa kwenda ng'ambo. Bei yake haipandi hata senti moja kwa sababu mlinda mlango wa timu ya waalimu amevuta sigara mbili kabla ya mchezo. Kama mkulima ajiulize juu ya zao lingine, au asijiulize, hilo ni shauri refu lenye mbolea na mikopo na mvua ndani yake, na halimalizwi na gazeti la kurasa nne. Sisi twazungumza juu ya kifua cha mtumishi. Isitoshe, mkulima ndiye anayejua nguvu ya jani hili kuliko sisi sote. Mvunaji anayekumbatia majani mabichi yaliyolowa umande huingiwa na nikotini kwa ngozi yake, akashikwa na kizunguzungu, kichwa na kutapika, hata kama hajapata kuvuta sigara maisha yake yote. Yeye hahitaji kuelezwa na daktari kwamba kitu hiki si mboga.

Kwa miaka mingi Afrika ya Mashariki iliuziwa sigara iitwayo Sportsman, maana yake mwanamichezo. Aliyelichagua jina hilo alijua kazi yake. Kijana asiyejua Kiingereza aliuliza maana, akaambiwa, akaona kwamba sigara na mpira ni ndugu. Nasi tukigawana pakiti chini ya mwembe mbele ya wanafunzi wetu tunaifanya biashara ile ile bila mshahara. Watoto wa shule ndio watazamaji wetu wakubwa. Huja mapema kuliko sisi na hukaa mstari wa mbele. Sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku, ya mwaka 2003, yakataza kumwuzia sigara mtu asiyetimiza miaka 18. Basi ni jambo gani hili kwa mtumishi wa Serikali kumpa mtoto fedha akamtuma dukani kununua sigara moja moja? Mwenye duka naye hana nguvu ya kumkatalia mtoto aliyetumwa na mwalimu wake.

Vijana watatujibu kwamba hawaoni upungufu wo wote. Twawasadiki. Mtu wa miaka 25 ana akiba kubwa ya pumzi, naye anaitumia bila kuhesabu. Wapimaji wa Uingereza, Fletcher na Peto, walieleza mwaka 1977 jinsi pumzi ya kila mtu inavyopungua polepole kadiri anavyozeeka, na jinsi inavyopungua kwa haraka zaidi kwa wavutaji wengi, hata wanapofika umri wa miaka 50 au 60 wanahema kwa kupanda ngazi. Aachaye hairudishiwi yote aliyoipoteza, lakini tangu siku ile mteremko wake hulingana tena na wa watu wengine. Kwa mtumishi maana yake ni rahisi. Anastaafu akiwa na miaka 60, anapewa kiinua mgongo, anarudi kwenye shamba alilolitamani muda wote wa utumishi wake, na anaona kwamba hawezi kulima ngwe moja bila kukaa chini. Tumewaona wazee wa namna hiyo, nanyi mmewaona.

Juu ya kuacha yapo maneno ya kutia moyo, nayo yanawahusu hasa watu wa kiwanjani, kwa sababu pumzi hurudi mapema kuliko mambo mengine. Shirika la Afya Duniani laeleza kwamba mapigo ya moyo hushuka katika muda wa dakika 20 tangu sigara ya mwisho. Kaboni monoksidi katika damu hurudi kiasi cha desturi baada ya saa 12. Na katika majuma mawili hata miezi mitatu mapafu huanza kufanya kazi vizuri zaidi. Aliyeacha siku ya Ijumaa jioni anacheza Jumamosi na damu iliyo safi kuliko ya majuma yote yaliyotangulia. Hatumfichi taabu yake. Siku za kwanza atakuwa mkali, usingizi utakuwa mgumu, na pengine atakohoa kuliko kwanza, maana vile vinyweleo vidogo vya mirija ya hewa vilivyolazwa na moshi vimeamka na vinafagia. Wengi hurudi wakaanza tena, wakaacha mara ya pili na ya tatu. Mtu kama huyo asichekwe. Twaona ni aibu kubwa jinsi wenzake wanavyomnyoshea pakiti usoni ili kumjaribu, kisha wanashangilia akishindwa.

Kwa hayo yote, kamati yetu inapeleka mbele ya mkutano shauri hili. Tangu wachezaji wavae jezi mpaka watakapotawanyika, pasiwe na sigara kiwanjani wala chini ya mwembe, kwa mchezaji, kwa mwamuzi, wala kwa mgeni wa heshima awe na cheo gani. Fedha ya mfuko wa michezo isinunue sigara kwa jina la viburudisho, kama ilivyopata kununua. Inunue maji na machungwa. Mtumishi asimtume mtoto dukani kwa kazi hiyo. Na manahodha wa timu waandike majina ya wanaotaka kuacha, ili wapangwe kukimbia pamoja asubuhi, kwani saa ya asubuhi ndiyo iliyo ngumu kwao kuliko zote.

Mmoja wetu katika kamati, ambaye ni mvutaji na ni mtu wa haki, amesema kwamba chama cha watumishi kiliundwa kutetea mishahara, nyumba na likizo, na kwamba hakikupewa amri juu ya midomo ya wanachama. Tumemsikiliza. Nyumbani kwake na avute, hatutabisha hodi. Lakini kiwanja ni cha wote, mfuko ni wa wote, na kamba tunaivuta pamoja, hata akiishiwa pumzi mmoja wanaoburutwa ni kumi. Naye amekubali kwamba maneno yake yaandikwe hapa pamoja na yetu.

Mwenye hoja nyingine, ya kuunga mkono au ya kupinga, na ailete kwa maandishi kwa Katibu kabla ya siku ya mkutano, nayo itapigwa chapa katika toleo lijalo kama ilivyo.